Perege wa Mtera mwenye bakteria wa bahari: shajara ya mradi kutoka Dodoma

Wiki ya 1, Jumatatu

Kibali kimetoka leo, nami nimenunua kauntabuku la kwaya tatu. Msimamizi wangu anasema kompyuta inatosha. Haitoshi. Umeme ukikatika kompyuta haifunguki, na hakuna mtu aliyewahi kukumbuka harufu ya kamba waliooza kwa kusoma jedwali.

Swali la mradi, kama nilivyolitetea mbele ya jopo: bakteria waitwao Vibrio parahaemolyticus, wanaokaa kwenye kamba, ngisi, pweza, kaa na chaza, wanatofautianaje kivinasaba kati ya eneo moja na jingine? Hawa wanaouzwa Dodoma ni ndugu wa wale wa pwani? Na wa pwani yetu ni ndugu wa akina nani huko ng'ambo? Mjumbe mmoja wa jopo aliniuliza mtu wa Dodoma, kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, anatafuta nini baharini. Nikamjibu kuwa bahari ndiyo imetufuata. Tangu serikali ihamie huku, watu wa pwani wamekuja na matumbo yao. Jioni ukipita mitaa yenye watu unamkuta muuza pweza na kibakuli chake cha pilipili, vijiti vya kuchomea vipande, na sufuria ya supu inayosifiwa kwa mambo nisiyoweza kuyaandika kwenye shajara ya kitaaluma. Jopo likacheka, likapitisha.

Bibi yangu wa Kongwa, nilipomweleza kwenye simu, alikuwa na swali moja tu: "Hicho chenye miguu minane mnakula kwa hiari?"

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimeagizwa niandike habari za mdudu huyu kwa ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo bibi angeyaelewa. Nimejaribu hivi.

Mwaka 1950 mjini Osaka, Japani, watu walikula shirasu, vidagaa vilivyochemshwa kisha vikaanikwa nusunusu. Wakaugua watu 272, wakafa 20. Tsunesaburo Fujino akamtoa bakteria aliyesababisha balaa hilo, na baadaye ikaeleweka kwamba ni mkazi wa kawaida wa maji ya bahari yenye joto. Bila chumvi hakui. Kwenye baridi ya friji anadorora. Kwenye nyuzi 37, akiwa na chakula cha kutosha, anajigawa kila baada ya dakika 10 hivi, pengine hata chini ya hapo. Nimepiga hesabu: mmoja akianza saa sita mchana, saa tisa alasiri wako 262,144. Dalili zake ni kuharisha, tumbo kusokota, kichefuchefu na kutapika, na kwa watu wengi hupita ndani ya siku chache. Moto unamuua bila shida. Kwa hiyo pweza aliyeiva sawasawa hana kosa. Mwenye kosa ni kisu kilichokata pweza mbichi, kikapanguswa kwa kitambaa, kikakata aliyeiva.

Tena si kila mmoja wao ni mbaya. Wengi wanaoishi baharini hawana jeni za sumu tunazozitafuta, tdh na trh, ambazo hutengeneza protini zinazotoboa seli za binadamu. Wanaotoka kwa wagonjwa wengi wanazo. Ndiyo maana kusema tu kwamba "bakteria amepatikana sokoni" ni kutisha watu bure. Inabidi kuuliza ni yupi.

Wiki ya 2

Nimeanza kununua sampuli. Soko sitalitaja, na sababu nitaieleza hapa hapa.

Mama mmoja anayeuza kamba na ngisi alinitazama nilipovaa glavu. "Wewe ni wa afya?" Nikamwambia, shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, natafuta vijidudu kwa ajili ya masomo, sifungi biashara ya mtu. Akanipimia robo ya kamba, akaongeza wawili wa bure, akaniinamia: "Sawa, mwanangu. Ila ukimpata huyo mdudu, usiseme umempata kwangu." Nimempa neno langu.

Kwa kila sampuli najaza safu hizi: namba, aina, tarehe, joto la nyama, mahali ilikotoka. Hiyo ya mwisho inanisumbua.

"Hawa kamba wametoka wapi, mama?"

"Feri."

"Na kabla ya Feri?"

"Baharini, mwanangu. Ulidhani wametoka Bahi?"

Majirani wa meza wakapasuka vicheko. Nimeandika "Dar es Salaam", ingawa najua mnada wa Feri hupokea mizigo ya Mafia, Kilwa, Rufiji na kwingineko, na mchuuzi hana sababu ya kukumbuka ipi ni ipi. Ngisi nimeambiwa ni wa Tanga. Muuza pweza alisema wake ni "wa Mtwara, au Kilwa, inategemea". Inategemea nini, sikuuliza. Vibua wa kwenye katoni wametoka nje ya nchi kabisa, na katoni lenyewe lilishatupwa.

Nimechukua pia perege wa Mtera wa kulinganishia. Bwawa la Mtera ni la maji baridi, linapokea mto Ruaha Mkuu na Kizigo. Bakteria asiyeweza kukua bila chumvi hana nyumba humo. Perege ndiye shahidi wangu: akitoa jibu la "hakuna", najua njia yangu ya kazi haitengenezi uongo.

Wiki ya 3

Hakuna kilichoota, au tuseme kiliota halafu kikafa. Nieleze taratibu, kwa kuwa kosa ni langu.

Utaratibu ni huu. Unakata gramu 25 za nyama, unazitia kwenye mililita 225 za maji ya peptoni (chakula cha bakteria) yenye chumvi na alkali, unaacha usiku kucha kwenye joto. Asubuhi hutikisi chupa. Jamaa hawa wanapenda hewa, hukusanyika juu kama utando wa maziwa, kwa hiyo unagusa juu tu na kitanzi cha waya, unachora kwenye sahani ya agari, rojo iliyoganda ya kukuzia bakteria, iitwayo TCBS. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri, nikapata makoloni (vidoa vya bakteria) kadhaa ya kijani. Nikayahamishia kwenye agari ya kawaida ya maabara ili niyakuze peke yake. Asubuhi, sahani safi kama kioo. Nikarudia. Safi tena.

Fundi wa maabara, mzee aliyekwisha kuona wanafunzi wengi wakilia, alisimama mlangoni na chai yake akauliza, "Umewatilia chumvi?" Agari ile inatumika kwa bakteria wa maziwa na nyama, wangu nilikuwa nawahamisha kutoka baharini kwenda jangwani. Ukurasa wa historia niliouandika mwenyewe wiki mbili zilizopita unasema "bila chumvi hakui". Nimeuandika kwa kalamu yangu.

Sasa naongeza chumvi asilimia 2 kila mahali. Wanaota kama uyoga. Wenzangu wananitania kuwa ningetumia tu maji ya bomba ya Dodoma, maana kila mgeni hulalamika kwamba yana chumvi chai haikolei. Utani mzuri, ila chumvi ya kisima na ya bahari haziko kwenye kipimo kimoja.

Wiki ya 4

Umeme ulikatika usiku wa manane. Kiatamizi, kabati la joto la kuoteshea bakteria, kikapoa. Sampuli nne zimekwenda. Sina la kuongeza.

Wiki ya 5

Rangi. Nimekaa nazitazama sahani kama mtu aliyekaa mbele ya televisheni.

TCBS ina sukari ya kawaida, ile ile ya chai, na rangi inayogeuka njano panapokuwa na asidi. Bakteria wa kipindupindu hula sukari hiyo, wakatoa asidi, koloni likawa la njano. Wangu hawaijui kuila, wanabaki kijani kibichi chenye kitovu cha buluu. Tatizo ni binamu yao mmoja, Vibrio alginolyticus, ambaye naye ni wa njano, yuko tele baharini, na makoloni yake makubwa huwafunika wenzake. Sahani za ngisi zilikuwa njano tupu. Ilibidi nipunguze makali kwa kuzimua mara kumi, mara mia, mara elfu, ndipo vijani viwili vitatu vikaonekana pembeni, vimejibanza kama watoto nyuma ya mama.

Na rangi haitoshi. Vibrio vulnificus naye mara nyingi ni wa kijani. Rangi inakupa mshukiwa tu.

Mpaka leo nina makoloni 11 ya kijani niliyoyasafisha na kuyahifadhi kwenye friza na gliseroli. Nimeyapa namba, ingawa moyoni nimeshayapa majina.

Wiki ya 6

PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane. Nimechemsha makoloni kwenye maji kwa dakika 10, seli zikapasuka, nikazungusha kwenye mashine, nikachukua maji ya juu yenye DNA. Jeni tatu kwa mpigo: tlh, ambayo kila parahaemolyticus anayo na kipande chake kina urefu wa herufi 450 za DNA, tdh, herufi 269, trh, herufi 500. Urefu wa 450 na 500 umekaribiana mno kwenye jeli fupi, ile inayotenganisha vipande kwa urefu wao. Mara ya kwanza nilipiga kelele kwamba nimepata trh, jirani yangu wa benchi akaja, akainamisha kichwa, akasema, "Dada, hiyo ni mistari miwili au ni macho yako?" Nikatengeneza jeli nzito zaidi, nikaiacha ikimbie muda mrefu. Mstari mmoja tu. Macho yangu.

Kati ya 11, wanane ndio parahaemolyticus wa kweli. Hakuna mwenye tdh, hakuna mwenye trh. Wenzangu wakanipa pole. Pole ya nini? Hilo ndilo linalotarajiwa kwa bakteria wa kwenye samaki, na mama wa kamba anaweza kulala usingizi.

Jambo moja sijaliandika bado kwenye ripoti. Namba 7 ni parahaemolyticus kamili, mstari wa 450 umekaa pale mweupe kabisa. Namba 7 ametoka kwa perege.

Wiki ya 7

Siku tatu nimejilaumu. Nimechanganya chupa. Nimegusa perege na glavu ya kamba. Nimeandika namba vibaya, 7 na 1 zangu zinafanana, mwalimu wa darasa la tatu alishasema. Nimemwambia msimamizi kabla hajasikia kwa wengine. Hakukasirika. Aliniuliza, "Ulimnunua wapi?" Nikasema sokoni, meza ile ile. "Ile ile ya nani?"

Hapo ndipo nilipokaa kimya.

Nilirudi kununua perege wengine watatu, safari hii nikisimama kutazama kabla ya kufungua pochi. Meza ni moja. Kushoto perege, kulia kamba na ngisi. Barafu inawekwa rundo moja katikati, na inapoyeyuka maji yake yanateremka kufuata mwinamo wa meza, na mwinamo unaelekea kushoto. Kisu kimoja. Ndoo moja ya kusuuzia, ambayo kufikia adhuhuri imeshaoga kamba wa siku nzima. Mama ni msafi, meza anaisugua kila jioni. Hana tu maji ya kubadilisha kila dakika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba samaki wa bwawani na wa baharini wasilale pamoja.

Perege wawili kati ya watatu wametoa kijani, na PCR imekubali.

Wiki ya 8, Jumatano

Mtera. Nimepanda gari la alfajiri kwa barabara ya Iringa, deli la barafu mapajani. Mibuyu, mbuzi, vumbi, halafu ghafla maji mengi kiasi kwamba mtu aliyekulia Kongwa anashusha pumzi.

Mvuvi mmoja mzee alinipokea. Nilimwamkia kwa Kigogo, akafurahi, tukazungumza kwanza habari za mvua na za nyumbani kabla ya samaki, kama inavyotakiwa. Nilipomweleza natafuta mdudu wa bahari ndani ya perege wake, alinitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, bahari umeiacha mbali." Nikasema najua, babu, nataka nihakikishe haipo. Hilo alilielewa. Alinitolea perege sita moja kwa moja kutoka kwenye nyavu, sikumruhusu mtu kuwagusa, nikawafunga kila mmoja na mfuko wake. Nikachukua na maji ya bwawa chupa mbili.

Wiki ya 8, Jumamosi

Perege wa nyavuni: hakuna. Wote sita. Maji: hakuna. Kwenye TCBS vimeota vidoadoa vichache vya njano, PCR imevikataa.

Kwa hiyo perege anaondoka Mtera msafi, na anaipata bahari mezani Dodoma.

Wiki ya 9 hadi ya 12

Nimepeleka bakteria sita kusomwa vinasaba. Kusubiri ni wiki kadhaa, basi nasoma kazi za wengine, na nitaandika kwa urefu kwa kuwa usomaji huu umenigeuza kichwa.

Nianze na namna ya kulinganisha. Huyu bakteria ana kromosomu mbili, moja ya herufi milioni 3.29 na nyingine milioni 1.88, kwa mujibu wa jenomu (vinasaba vyake vyote) iliyosomwa Japani na kutolewa mwaka 2003. Kwa miaka mingi kusoma yote ilikuwa gharama kubwa, kwa hiyo watafiti walichagua vipande vya jeni saba za kazi za nyumbani, zile ambazo bakteria hawezi kuishi bila kuzitumia: dnaE, gyrB na recA kutoka kromosomu kubwa, dtdS, pntA, pyrC na tnaA kutoka ndogo. Kila toleo la kipande lina namba yake. Namba saba zikipangwa pamoja zinapewa namba moja ya ukoo. Ni kama wazee wanaokuuliza "wewe mtoto wa nani?" kabla ya kukuuliza jina. Koo zilizosajiliwa mpaka sasa zinazidi 2,000, na bado zinaongezeka, jambo linaloonyesha jinsi jamaa hawa walivyo wa aina nyingi.

Sasa ukoo namba 3. Mwaka 1996 mjini Kolkata, India, wagonjwa wa kuharisha walianza kutoa kwa wingi bakteria wa ukoo huo, wa aina iitwayo O3:K6 kwa alama za juu ya seli yake, wanaofanana mno kivinasaba. Kabla ya hapo kila mlipuko ulikuwa na bakteria wa kwake, wa palepale. Huyu alisafiri. Mwaka 1998 aliugusa mji wa Antofagasta kule Chile, na mwaka huo huo watu 416 waliugua Marekani baada ya kula chaza wabichi wa ghuba ya Galveston, Texas. Mwaka 2004 alipatikana kwa wagonjwa mjini Beira, Msumbiji, pamoja na ndugu yake O4:K68. Beira ni majirani zetu.

Niliposoma habari ya Beira, wazo la kwanza lilikuwa: basi amekuja kwetu kwa maji. Nikachukua ramani ya mikondo. Maji ya bahari yanayotoka mashariki yanagawanyika karibu na Rasi ya Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Tawi moja linapanda pwani yetu kuelekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi, polepole wakati wa kaskazi. Tawi jingine linashuka kusini, upande wa Beira. Maji ya Beira hayatiririki kuja Mtwara. Kama ukoo mmoja utapatikana sehemu zote mbili, itabidi kutafuta mbebaji mwingine, na orodha haikosi: maji ambayo meli hubeba tumboni kwa ajili ya uzito na kuyamwaga bandari nyingine, biashara ya samaki na mbegu za chaza, na matumbo ya wasafiri.

Kuna mfano unaokwenda kinyume na huo, wa kutuzuia tusiwalaumu watu kwa kila kitu. Mwaka 2004 abiria wa meli ya kitalii huko Alaska waliugua kwa kula chaza wabichi wa Prince William Sound, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini ya mahali pa mbali zaidi ambapo ugonjwa huu ulikuwa umefuatiliwa mpaka kwenye chanzo. Maji ya huko yalikuwa yamepita nyuzi 15 kiangazi kile. Hapo bahari yenyewe ndiyo iliyofungua mlango. Halafu ukoo namba 36, ambao ni mwenyeji wa Pasifiki ya kaskazini-magharibi ya Amerika, mwaka 2012 ukazua magonjwa upande wa pili wa bara, pwani ya Atlantiki ya Marekani, na Hispania pia. Bara zima katikati! Bakteria hajapanda basi, bali kuna kitu kimempandisha.

Kazi iliyonikaa zaidi ni ya mwaka 2019, ya jenomu 1,103. Waliona makundi makubwa manne. Mawili yamejifunga zaidi Marekani na kaskazini mwa Ulaya. Mawili yameenea duniani, na moja kati ya hayo ndilo linalotawala bahari za Asia. Tofauti kati ya makundi zinaonyesha kwamba zamani yalitengana kwa muda mrefu, kila moja na bahari yake. Lakini leo yanaishi pamoja, na bakteria wa kundi la Asia waliopatikana Marekani wameokota vinasaba vya wenyeji wao, kiasi kidogo, cha asilimia 1 hivi zaidi ya wenzao waliobaki Asia. Kwa kasi wanayookotea vinasaba, watafiti walihesabu kuwa mchanganyiko huo ni wa miongo michache tu. Yaani wakati wa meli kubwa, friza na ndege.

Hiyo habari ya kuokota vinasaba ndiyo inayotesa wanaochora miti ya ukoo. Mti unadhani kila mtu ana baba mmoja. Bakteria huyu anazaliwa kwenye ukoo mmoja, kisha ukubwani anaazima pua ya jirani na masikio ya mpita njia. Ukimchora kwa pua unamweka Asia, ukimchora kwa masikio unamweka Texas.

Nimesoma mpaka macho yakauma. Ninachoondoka nacho ni shaka juu ya safu yangu ya "mahali ilikotoka".

Wiki ya 14

Majibu yamefika. Sita. Wa ngisi na wa pweza wana michanganyiko ambayo haijawahi kusajiliwa, na hilo halishangazi. Pwani isiyosomwa sana kila anayeokotwa ni mgeni. Kamba mmoja kadhalika. Perege wa pili naye peke yake.

Lakini kamba namba 4 na perege namba 7 wanafanana herufi kwa herufi kwenye jeni zote saba.

Nimechapisha karatasi, nimezilaza sambamba mezani, nimefuata kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Fundi wa maabara akaniuliza kama nimepata kazi.

Wiki ya 15

Kusajili. Ukipata michanganyiko mipya unaiwasilisha kwenye hifadhidata ya dunia, wanakupa namba, na mtu yeyote wa Chile au Japani anaweza kuilinganisha na yake. Fomu inauliza: nchi, mwaka, chanzo.

Kamba namba 4: Tanzania, kamba. Haraka.

Perege namba 7: Tanzania. Chanzo: perege. Nikasimamisha mkono. Kila neno hapo ni kweli. Bakteria alitoka kwenye perege, perege alitoka Mtera, Mtera iko Tanzania. Na mtu atakayeshusha data hizi miaka kumi ijayo ataandika kwa uhakika mzima kwamba vibrio wa maji ya chumvi wamezoea mabwawa ya maji baridi ya Tanzania ya kati. Atachora nukta nyekundu juu ya bwawa la yule babu. Wavuvi wa Mtera watauliza wamefanya nini.

Halafu wazo likageuka likanirudia: ni nukta ngapi kwenye ramani nilizokuwa nikizihusudu zimewekwa hivi hivi? "Chaza, nchi fulani." Alivuliwa hapo, au aliliwa hapo? Alilala na nani kwenye barafu? Mimi mwenyewe nimeandika "Dar es Salaam" kwa kamba ambao labda hawakuwahi kuogelea karibu na Dar es Salaam.

Nilimpelekea msimamizi. Alisoma, akavua miwani. "Sasa unapendekeza nini?" Nikasema safu moja iwe tatu: alikovuliwa kama tunajua, alikochukuliwa sampuli, na alipopita. Na pale tusipojua, tuache wazi, tusijaze kwa kubahatisha. Akasema jedwali litakuwa na mashimo mengi. Nikasema ndiyo, Dokta, litakuwa nayo.

Perege namba 7 nimemwasilisha na maelezo: sampuli imechukuliwa kwenye meza ya soko iliyochanganya samaki wa maji baridi na wa bahari, samaki wa chanzo hicho waliochukuliwa nyavuni hawakuwa na bakteria. Kichwa cha mradi nacho kimebadilika. Palipoandikwa "bakteria wa Dodoma" sasa pameandikwa "bakteria waliokutwa Dodoma".

Siku hiyo hiyo nilipita kwa mama wa kamba. Sikumpa hotuba. Nilimwambia perege wahamie upande wa juu wa mwinamo, kamba chini, na kila upande uwe na kisu chake. "Kumbe ni hilo tu?" Ameweka tofali chini ya mguu wa meza, sasa maji yanakwenda upande wa pili. Cha ndoo bado hatujapatia jibu. Maji ya kununua yana bei.

Wiki ya 16

Nimeamua kufuata boksi moja.

Saa kumi na moja alfajiri, Feri. Kelele za mnada, makasha, miguu yenye maji. Nilimpata mchuuzi anayepeleka Dodoma, akakubali kwa sharti la chai na chapati. Kamba wake aliwanunua kwenye lundo ambalo mwenyewe alisema ni la wavuvi wawili, mmoja wa Rufiji, wa pili hamjui. Nimechukua sampuli ya kwanza hapo hapo, kabla ya barafu, na ya pili baada ya kusuuzwa. Maji ya kusuuzia pia.

Boksi jeupe, kamba, barafu, gazeti, barafu, mkanda wa gundi. Ndani nimefukia kipimajoto chenye kurekodi chenyewe kila dakika 10. Dakika kumi, kwa makusudi.

Chalinze: nyuzi 3. Morogoro basi limesimama muda wa watu kula. Mchuuzi amefungua boksi, ameongeza barafu ya kununua, iliyogandishwa kwa maji ya bomba. Nimechukua kipande cha barafu hiyo kwenye mfuko. Gairo tumekaa kwa sababu ya tairi. Jua la Gairo halina utani, na boksi liko juu ya mizigo mingine, upande wa dirisha. Kibaigwa kona ya boksi imeanza kuchuruzika juu ya begi la abiria mmoja, ambaye amesema maneno ambayo nayo sitayaandika.

Dodoma tumeingia magharibi. Wabebaji wawili, bajaji moja, mama wa kamba na mwanawe. Nimehesabu mikono iliyogusa kamba wale tangu alfajiri: saba, ukiacha ya kwangu yenye glavu. Kipimajoto nimekitoa mbele ya mama, tukakisoma pamoja kwenye simu. Mstari umelala chini mpaka Morogoro, umepanda Gairo hadi nyuzi 14, umeshuka kidogo, umepanda tena.

Mama aliutazama mstari ule kwa muda. "Hapa ndipo gari liliharibika?"

Ndiyo, mama, hapo.

Nimechukua gramu 25 za mwisho za siku. Maji ya peptoni yamo kwenye joto, yana chumvi, nimeonja moyoni mara mbili. Jenereta ina mafuta. Kesho asubuhi, bila kutikisa chupa.